Anayeshika Mkia Naye Ahesabiwe

Kurasa za michezo zina mazoea ya kuandika habari za watu wawili: aliyeshinda, na bingwa aliyeshindwa bila kutarajiwa. Wa tatu haandikwi, ingawa wenzake ndio wengi kuliko wote. Huyo ni mwanamichezo wa ridhaa ambaye siku yake imemwendea vibaya. Mtazame katika triathloni, mchezo unaomtaka mtu aogelee, kisha apande baiskeli, kisha akimbie, vyote mfululizo bila kupumzika. Ni mwalimu, muuguzi au karani. Amefanya mazoezi alfajiri kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda kazini, amelipa ada ya ushiriki, amesafiri. Siku ikifika, mawimbi yanamlemea hadi muda wa kuogelea unakwisha na anaamriwa atoke majini. Au mnyororo wa baiskeli unakatika mlimani. Au tumbo linavurugika, naye anazitembea kwa uchungu kilomita alizokusudia kuzikimbia. Jioni jina lake liko chini kabisa ya orodha, au limeandikiwa kwamba hakumaliza. Anarudi nyumbani amenuna. Nadai kwamba siku hiyo ya kununa ni kitu cha thamani kubwa, na kwamba sisi tunaoziangalia Fizi na Baraka, huko Kivu Kusini nchini Kongo, tungefaa kuitamani kabla ya kutamani medali. Ili mtu ashindwe katikati ya maji kisha arudi nyumbani akiwa mzima, lazima wawepo watu waliojipanga mapema kwa ajili ya kushindwa kwake. Kujipanga huko ndiko kunakokosekana kwetu, na kunakosekana katika mambo mengi yaliyo mazito kuliko michezo.

Mpango huo haukuzaliwa pamoja na mchezo. Mbio za kwanza zilizoitwa triathloni zilifanyika San Diego, Marekani, Septemba 1974, zikiwa na washiriki 46. Miaka minne baadaye, Februari 1978, watu 15 walianza mbio ndefu za Hawaii: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Waliomaliza walikuwa 12, na wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wakati huo kila mshiriki alitakiwa aje na wasaidizi wake mwenyewe wa kumpa maji na chakula njiani. Mwenye marafiki hodari alikuwa na heri. Wa marafiki wazembe alijijua. John Dunbar, aliyekuwa akiongoza, aliishiwa maji katika mbio za miguu, na wasaidizi wake wakampa bia. Akamaliza wa pili akiyumba. Wasimuliaji huicheka habari hiyo mpaka leo, lakini mwenye kuitazama vizuri anaona hatari. Usalama wa mtu ulikuwa umeachiwa bahati yake na jamaa zake, na mtu dhaifu asiye na jamaa hodari hakuwa na mahali pa kukimbilia.

Februari 1982, katika mbio hizohizo, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Julie Moss, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akiongoza upande wa wanawake. Hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuja kukusanya data za utafiti wake wa masomo. Karibu na mwisho miguu ikamkataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Hatua chache kabla ya mstari, Kathleen McCartney akampita na kushinda. Moss akatambaa kwa mikono na magoti na kumaliza wa pili, nyuma kwa sekunde 29. Televisheni ya Marekani ilionyesha picha hizo, na waliotaka kushiriki wakaongezeka sana. Ushindi wa McCartney ulikuwa halali, lakini kilichoukuza mchezo ule ni kushindwa kwa Moss. Mamilioni ya watu wa kawaida walimwona mtu wa kawaida akishindwa mbele ya kadamnasi bila kuachwa peke yake, wakajiona na wao wanaweza kujaribu. Watu hao walipoanza kuja kwa maelfu, waandaaji hawakuweza tena kuwaachia wasaidizi wa kuokoteza. Ilibidi zitungwe sheria zinazomhusu yule wa mwisho.

Sheria hizo zinastahili kusomwa polepole, kwa kuwa hekima ya mchezo imo ndani yake. Kila anayeingia majini huandikwa namba mwilini au kwenye kofia, na katika mashindano makubwa hufungwa kifundoni kifaa kinachorekodi wakati wake. Wanaoingia huhesabiwa, na wanaotoka huhesabiwa. Anayechoka anaruhusiwa kushika boya au chombo kilichosimama apumzike, alimradi asikitumie kusonga mbele. Aliye hatarini huinua mkono, na mwokoaji humfuata. Kuna muda wa ukomo: katika mbio za kilomita 113, kwa kawaida anayezidisha saa moja na dakika kumi majini haruhusiwi kuendelea. Wengi hulalamikia ukomo huo kana kwamba ni ukatili. Kwa maoni yangu ndio huruma yenyewe, kwa sababu unamwondolea mtu uamuzi ambao uchovu umeshamnyang'anya uwezo wa kuufanya. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la Marekani, Annals of Internal Medicine, mwaka 2017 ulihesabu matukio 135 ya vifo na ya moyo kusimama ghafla katika triathloni za nchi hiyo kuanzia 1985 hadi 2016. Kati ya hayo, 90 yalitokea wakati wa kuogelea. Nchi tajiri yenye madaktari na boti za mwendo kasi inaona hivyo. Maji hayana simile na mtu aliyechoka, na ndiyo maana sheria nyingi za mchezo huu zinamlinda anayeshindwa.

Wala tusidhani kwamba kushindwa kumaliza ni aibu ya wanyonge. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Katika mbio kuu za wanaume, zenye urefu wa zaidi ya kilomita 267, walianza waendeshaji zaidi ya 160, wakiwamo wa ngazi ya juu kabisa duniani. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Vilima vya Kigali viliwashusha wengine wote, wakaingia katika magari ya timu zao na kwenda kuoga. Hakuna aliyewaita wavivu. Karibu zaidi na Goma, tarehe 14 Agosti 2022, mji wa Rubavu nchini Rwanda ulipokea mbio za kwanza za triathloni ya Ironman 70.3 katika Afrika Mashariki: kilomita 1.9 za kuogelea katika Ziwa Kivu, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Ziwa lile linagusa pia fukwe za Goma, Bukavu na Idjwi nchini Kongo, na samaki wake hawajui mpaka. Upande mmoja yalitandazwa maboya, vikawekwa vyombo vya waokoaji na orodha za washiriki. Upande wa pili watu huvuka kila siku katika vyombo vilivyojaa kupita kiasi, na anayezama hana namba.

Sasa tuje Baraka. Mtu akitafuta mahali ambapo maumbile yameandaa uwanja wa triathloni, hapakosi kumjia akilini. Mji uko kando ya Ghuba ya Burton, na rasi ya Ubwari imejinyoosha mbele yake, ikiikinga na sehemu ya mawimbi ya ziwa kuu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na maji ya juu hubaki na joto la nyuzi 25 hivi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kutoka ufukweni barabara inapanda milima kuelekea Fizi, makao makuu ya eneo, na upandaji huo unamtosha mwendesha baiskeli yeyote anayetaka kujua miguu yake ina nini. Watu wapo pia. Vijana wa pwani ile hujifunza kuogelea kabla hawajajua kusoma. Wachuuzi husukuma baiskeli zenye mizigo ya mihogo, mkaa na mawese ambayo mchezaji wa Ulaya asingeweza kuiondoa hapo ilipoegeshwa. Akina mama hutembea kutoka mashambani kwenda sokoni na kurudi, umbali ambao ukiwekewa kamba na bendera ungeitwa mashindano. Nguvu, pumzi na uvumilivu si vitu ambavyo Fizi inahitaji kufundishwa na mtu.

Kinachokosekana ni daftari. Tazama jinsi tunavyosafiri katika maziwa yetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, lenye nauli nafuu, halikuwa na orodha. Waliolipa zaidi walihesabiwa, wa mwisho hawakuhesabiwa, na hata leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Katika Ziwa Tanganyika, Desemba 2014, chombo kilichoitwa MV Mutambala, jina linalofahamika vizuri Fizi kwa kuwa ni la mto na la sekta, kilizama na kuua zaidi ya watu 100. Na tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilipinduka mbele ya macho ya watu kikikaribia gati la Kituku, Goma. Gavana wa Kivu Kusini alitaja vifo 78. Mamlaka za Kivu Kaskazini zikataja idadi ndogo zaidi. Majimbo mawili ya nchi moja yalikuwa na hesabu mbili za maiti za chombo kimoja. Pasipo orodha ya walioingia, hakuna anayeweza kusema wangapi hawakutoka.

Msomaji mkali atanizuia hapa. Atasema nalinganisha visivyolingana. Mbio za triathloni zina watu mia chache wanaojiandikisha kwa hiari na kulipa ada nzito, ilhali bandari ya Baraka ina wasafiri masikini wenye haraka, wenye vyombo wenye tamaa na dola isiyo na mafuta ya kuendeshea boti ya doria. Tofauti hizo nazikubali zote. Lakini hebu tutenganishe kilicho ghali na kilicho rahisi. Kifaa cha kifundoni ni ghali, boti ya mwendo kasi ni ghali, helikopta ndiyo usiiseme. Kuandika majina kabla ya chombo kung'oa nanga, kuyahesabu tena kinapofika na kukataa kuondoka namba ikizidi kipimo kunahitaji karatasi, kalamu na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana. Kinachoyashinda mataifa yetu hapo ni mazoea zaidi ya fedha. Na mazoea hujengwa vyema mahali ambapo hasara ya kukosea ni ndogo. Kijana aliyejitolea kusimamia kuogelea kwa mita 400, akajifunza kwamba haondoki ufukweni mpaka namba ya mwisho itoke majini, amejifunza kazi ambayo kesho ataiweza gatini. Michezo ingekuwa shule ya nidhamu hiyo, na ada ya shule hiyo ni ndogo kuliko gharama ya mazishi.

Kipingamizi cha pili ni kizito zaidi, nacho ni vita. Fizi imeonja uasi wa 1964, ikaonja vita vya 1996 na 1998, na tangu hapo haijapata miaka mingi mfululizo ya kulala usingizi. Mwaka 1996 maelfu ya watu wa Kivu Kusini, Wabembe wengi wakiwamo, walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao. Tangu 2015 Fizi yenyewe imewapokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda. Je, katika nchi ya namna hiyo si dhihaka kuzungumzia mchezo wa kuogelea na kupanda baiskeli? Ingekuwa dhihaka kama ningeomba fedha za hospitali zihamishiwe kwenye maboya. Siombi hivyo. Nasema watu waliovuka ziwa usiku kwa mitumbwi, wakiwa na watoto mgongoni, walifanya jambo gumu kuliko triathloni yoyote, na waliozama kati yao hawakuandikwa popote. Aliyezoea kuona wanyonge wakipotea bila hesabu huanza kuamini kwamba ndivyo dunia ilivyo. Tukio dogo la amani ambalo kila anayeingia majini anajulikana kwa jina, na kila anayechelewa anasubiriwa, linaipinga imani hiyo kwa vitendo. Vita havizuii vijana wa Baraka kucheza mpira kila jioni. Havitazuia hili zaidi kuliko vinavyozuia lile. Siku ambayo usalama hauruhusu, mbio ziahirishwe, na kuahirisha nako ni sehemu ya mpango.

Suala hilo la kuahirisha lina somo lake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, triathloni ya wanaume ilipangwa tarehe 30 Julai ikasogezwa hadi 31, kwa sababu mvua zilikuwa zimeuchafua mto Seine na vipimo vya bakteria vilizidi kiwango. Jiji zima lilisubiri majibu ya maabara. Pwani ya Uvira, Baraka na Fizi imekuwa ikisumbuliwa na kipindupindu kwa miongo mingi, na familia nyingi huchota maji ya kunywa ziwani. Kichocho nacho kipo katika fukwe kadhaa za Tanganyika, penye konokono na maji yaliyotulia. Mtu akitaka kuandaa mashindano ya kuogelea Baraka kwa uaminifu, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama maji hayo ni salama. Atalazimika kupima, na kutaja sehemu iliyo afadhali na sehemu ya kuepuka. Atalazimika pia kuwauliza wavuvi wa ndakala wapi mamba wameonekana, na ni saa ngapi upepo wa kusi huamka katika miezi ya kiangazi. Majibu hayo yatamsaidia muogeleaji kwa nusu saa, na yatamsaidia mama anayechota maji mwaka mzima. Nani kati yetu amewahi kusikia majibu ya maabara ya ufuko yakisomwa redioni kabla ya watoto kwenda kuoga?

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa matajiri wa nchi za mbali, wenye baiskeli za bei ya nyumba na mavazi ya mpira. Kwa jinsi unavyouzwa duniani, wana haki ya kusema hivyo. Lakini vazi la mpira halina kazi Tanganyika. Kanuni za mchezo hulizuia maji yanapokuwa na joto kama la kwetu. Jambo hilo lina pande mbili, kwa kuwa vazi lile humsaidia mtu kuelea, hivyo kulikosa kunafanya ulinzi wa majini uwe wa lazima zaidi. Kuhusu baiskeli, hakuna kinachozuia mashindano ya baiskeli za kawaida za mtaani, zile zinazobeba mizigo siku za soko, kila mtu na ya aina yake. Umbali pia si wa kuogofya. Kuna triathloni fupi za kuogelea mita 400, baiskeli kilomita 10 na kukimbia kilomita mbili na nusu, na hizo zinaweza kufanyika asubuhi moja kandokando ya ufuko, bila mtu kuvuka ghuba. Mitumbwi ya wavuvi ikipangwa kila baada ya mita hamsini, mmoja mmoja ukiwa na mtu anayejua kuokoa, ulinzi utakuwa wa karibu kuliko ule wa mashindano mengi yenye majina makubwa.

Wengine watahofia kwamba tukimtukuza anayeshika mkia tutazaa kizazi kinachoridhika na uzembe. Kwanza, simtukuzi, nataka ahesabiwe. Pili, kumbukumbu ya kushindwa ndiyo ngazi ya kwanza ya kuendelea. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, peke yake, wapinzani wake wawili wakiwa wameondolewa kwa kuanza mapema. Hakuwa amewahi kuliona bwawa la mita 50. Dunia ilicheka, kisha ikashangilia. Kwa kuwa muda wake ulipimwa na kuandikwa, alikuwa na kitu cha kukishinda. Baadaye aliushusha chini ya sekunde 57, na mwaka 2012 akafanywa kocha wa waogeleaji wa taifa lake. John Stephen Akhwari wa Tanzania alimaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, goti limefungwa bendeji, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tunapenda kumtaja kama mfano wa moyo wa chuma, na alikuwa nao. Mara chache tunakumbuka kwamba alifungwa bendeji na mtu, kwamba njia ilikuwa bado ina walinzi, na kwamba saa ilikuwa bado inahesabu alipoingia uwanjani. Watu 75 walianza siku ile. Bila wale waliobaki kazini baada ya mshindi kuvishwa medali, ujasiri wa Akhwari usingekuwa na shahidi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuwaongezee kwamba asiyekubali wenzake washindwe kwa usalama si mwandaaji.

Kipingamizi cha mwisho ndicho ninachokiheshimu kuliko vyote, na anayekielewa zaidi ni mtu wa Fizi. Atasema: kwetu orodha si kitu cha kuchezea. Majina yameandikwa kwenye vizuizi vya barabarani ili watu watozwe. Mtu ameulizwa kabila lake kabla ya kuruhusiwa kupita, na jibu limeweza kumgharimu. Mbembe, Munyamulenge, Mfuliiru, Mbuyu na Mnyindu wamekaa katika eneo moja huku kila mmoja akiiogopa karatasi iliyo mkononi mwa mwingine. Kwa nini basi mtu kama huyo afurahie kuandikwa? Jibu langu liko katika kile orodha inachouliza na nani anaruhusiwa kuisoma. Orodha ya mashindano inauliza jina, umri, na nani apigiwe simu mambo yakienda kombo. Haiulizi kabila, kijiji cha babu wala chama. Inabandikwa hadharani kabla ya mbio na baada ya mbio, kila mtu aikague. Orodha ya kizuizini hufichwa mfukoni mwa aliyeiandika, ilhali hii ni mali ya walioandikwa. Hofu ya kuhesabiwa haitaondoka kwa hotuba. Huenda ikapungua watu wakihesabiwa mara kadhaa kwa faida yao wenyewe na wasipatwe na madhara, katika jambo ambalo kila mtu anaweza kuliona kwa macho yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Basi kinachopasa kufanywa hakihitaji mkutano wa kimataifa. Shule za Baraka, vilabu vya vijana, vyama vya wavuvi na wahudumu wa afya wanaweza kukaa pamoja na ofisi ya mji na kuchagua asubuhi moja ya maji matulivu. Wavuvi watoe mitumbwi na maarifa ya ziwa. Wahudumu wa afya wapime maji, na wawe na mamlaka ya kuzuia mbio bila kuulizwa na mwanasiasa yeyote. Walimu wasimamie daftari: jina na namba kila mtu anapoingia majini, jina na namba kila anapotoka. Muda wa ukomo utangazwe mapema na usivunjwe, hata kama anayekatazwa ni mtoto wa mkubwa. Redio za jamii zisome matokeo yote, si ya watatu wa kwanza tu, pamoja na majina ya waliotolewa majini na walioishia njiani, yasomwe kwa sauti ileile isiyo na kejeli. Daftari hilo likishazoeleka, lipelekwe gatini. Mamlaka za bandari ziambiwe kwamba kilichowezekana kwa vijana hamsini wanaocheza kinawezekana kwa abiria hamsini wanaokwenda Kalemie au Uvira.

Watakuwapo siku hiyo watakaorudi nyumbani wamenuna. Yuko atakayesema maji yalimchafukia, mwingine atalaumu baiskeli, mwingine ataapa kwamba ukomo ulipigwa kabla ya wakati. Waacheni walalamike, maana malalamiko ya mtu aliye hai sebuleni kwake ni dalili ya kazi iliyofanywa vizuri. Nasi waandishi tubadilishe desturi yetu. Zitakapofanyika mbio za kwanza Baraka, jina la mshindi na lisubiri aya ya pili. Aya ya kwanza itaje namba mbili: wangapi waliingia majini, na wangapi walitoka. Zikilingana, mashindano yamefanikiwa. Zisipolingana, hakuna medali itakayofidia.